Siku Niliyombatiza Mwandishi wa Hadithi ya Noeli

Aibu hii nimeibeba tangu Noeli iliyopita, na ninawasimulia bila kuficha kitu kwa sababu mji mzima wa Kalemie, huku kando ya ziwa, unaijua tayari, sana sana mtanisaidia kuibeba.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na parokiani ni msomaji wa masomo ya misa, maana yake nina sauti na ninaipenda kupita kiasi (mke wangu, Mama Furaha, anasema ningeweza kusoma hata karatasi ya dawa ya malaria mpaka watu waitikie amina). Sasa kuna hadithi moja ya Noeli ambayo hapa kwetu kila mtu ameisoma shuleni, kwenye karatasi za stensili zilizofifia, na ile ya kwanza yenye jina la mwandishi ilishapotea zamani. Ni fupi: mama mmoja anapeleka sahani ya wali na kuku wa Noeli kwa jirani aliyefiwa na mtoto, jirani anataka kusema asante, sauti haitoki, analia tu juu ya sahani. Basi. Hakuna Yesu, hakuna kanisa, hakuna hata kengele, ndiyo maana kila mwaka watu wanabishana kama aliyeiandika alikuwa Mkristo kweli. Safari hii Padri akaniomba nilijibu swali hilo mbele ya watu wote, kwenye ukumbi wa parokia, Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli.

Jumatano kabla ya Jumapili hiyo akaja mlangoni jirani yangu Papa Amisi. Yeye ni Mwislamu, wa zile familia za wafanyabiashara wa ziwa, tumekua naye ua kwa ua, na kila Noeli asubuhi anakuja na kisu chake kuchinja jogoo wetu, ili sahani tutakayowapelekea waweze kuila, ndivyo walivyofanya wazazi wetu na sisi tukaendelea. Akaniambia, "Papa Deo, nimesikia utaongea juu ya ile hadithi. Pita kwangu kidogo, mama yangu iko na kitu anataka kukuonyesha."

Na mimi, nimezungukwa na karatasi zangu, nikamjibu, "Ndugu yangu, hii njo mambo ya Noeli, uniache kwanza, nitakuja kisha."

Sikwenda. Nilijisemea moyoni (nakiri, na ninaona haya kulitamka), Mwislamu ataniambia nini mimi juu ya Noeli?

Jumapili ukumbi ulijaa, Padri alikuwa amealika mtaa mzima bila kuuliza dini. Nikaanza vizuri, nikasema imani si lazima itaje jina la Yesu, kwamba huruma ya yule mama ndiyo Injili yenyewe, watu wakapiga makofi, na makofi yakanipanda kichwani. Nikasema mwandishi lazima alikuwa katekista. Makofi. Nikasema katekista wa huko Moba, milimani (nilimtoa wapi? sijui mpaka leo). Makofi tena. Nikasema alibatizwa angali mtoto, akatumikia altareni, na hadithi hii aliiandika amepiga magoti, nikaanza kumwona mwenyewe hapo alipopiga magoti, jamani, hata rozari nilimpa mkononi.

Padri akauliza taratibu, "Kwa hiyo muntu wa dini ingine hangeweza kuiandika?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Lakini mikro, kile kipaza sauti, ilikuwa mkononi mwangu, nikasema, "Haiwezekani, Padri. Asiyebatizwa ataiona sahani, lakini huruma iliyo ndani yake hawezi kuijua."

Safu ya tatu nikaona mtu anasaidiwa kusimama. Alikuwa Mama Zaina, mama yake Papa Amisi, mwanawe amemshika mkono mmoja, na mkono mwingine una kaye, daftari kuukuu la shule, gamba lake limeshonwa kwa uzi.

"Mutoto wangu Deo," akasema, "hii kaye njo ya marehemu bwana yangu. Ile hadithi aliiandika humu, mwaka tulimuzika mutoto wetu wa kwanza. Ilikuwa Noeli. Mama yako Veronika alileta kuku kwetu tumuchinje, akaenda kupika, akaturudishia sahani imejaa. Bwana yangu alishindwa kumwambia asante, njo akaandika, kisha walimu wakaichukua kwa shule. Yule mama wa mu hadithi njo mama yako. Na mwenye kulia njo bwana yangu. Sasa unasema hakujua huruma?"

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Nikafungua mdomo kuomba radhi, na ile sauti yangu ya kusomea misa ikagoma kabisa, nikabaki na mikro inayokoroma huku wao wawili wakitoka polepole, maana Mama Zaina miguu yake inamsumbua. Imani ya mama yangu ilikuwa ndani ya hadithi ile muda wote, mtu wa kuiona alikuwa baba yake Amisi, na mimi mwana wa kuzaliwa sikuijua.

Kesho yake nikaenda kwao. Papa Amisi akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Imekwisha, Papa, tusiongee tena," kwa adabu ile anayopewa mgeni, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Noeli asubuhi nikasimama uani na jogoo kwapani mpaka jua likawa kali. Hakuja. Kumfuata sikuthubutu. Tukapika mikebuka, kwa kuwa samaki hana haja ya kuchinjwa, na Mama Furaha akapeleka sahani. Tangu nikiwa mtoto sahani yetu haijawahi kurudi tupu kutoka nyumba ile, Mama Zaina huweka vitumbua, au hata machungwa mawili. Jioni ikarudi. Imeoshwa, imekaushwa, haina kitu.

Nimeapa, mikro sishiki tena, na sitamsemea mtu imani yake, awe hai au marehemu. Lakini kiapo hakijanirudishia kitu. Idi imepita na sahani yao waliyozoea kutuletea haikuja, Noeli nyingine inakaribia, na yule jogoo bado yuko uani ananiamsha kila alfajiri, nami sina mtu wa kumwita aje na kisu.