Mama Yake Sunniva

Torunn alikuwa akimenya viazi pale bintiye Sunniva, mtoto wa darasa la tatu, aliposema kwa sauti ya kawaida kama anayeomba maji:

"Mama, sitaki tena kulala kwa bibi mjomba akiwepo."

"Kwa nini, mwanangu?"

Mtoto akamweleza kwa maneno machache, macho yamekwama kwenye maganda. Torunn alitaka kupiga ukelele, akaogopa Sunniva atadhani kakasirikiwa yeye. Akazima jiko, akapiga magoti.

"Umefanya vizuri kuniambia. Nakuamini. Kosa si lako."



Mjomba mwenyewe ni Arvid, mdogo wake Torunn, ambaye Torunn alimlea kwa mikono yake wakati mama yao akishinda kwenye kiwanda cha samaki. Mji mzima wa pwani ile ya Norwe ulimpenda. Ndiye aliyewafundisha watoto kuteleza thelujini.

Kesho yake Torunn akaenda polisi. Sunniva akahojiwa katika chumba chenye wanasesere, na mama akaambiwa asubiri nje. Akakaa, mikono magotini, mlango umefungwa, mwanawe upande wa pili akiyasema yale peke yake.

Habari zikamfikia mama yake Torunn, Bergljot. Akaja mbio, akaingia hadi sebuleni na viatu vyake vya theluji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Torunn, umerukwa na akili? Ndugu yako wa damu, polisi?"

"Mama, huyu ni mjukuu wako."

"Na Arvid ni mwanangu! Ungekuja kwangu kwanza, tuyamalize wenyewe."

"Tuyamalize vipi? Niambie."

Bergljot akageuka mlangoni. Akaondoka. Tangu siku hiyo walipokutana dukani, Bergljot aligeukia rafu kama asiyemjua.

Majira ya kuchipua mpelelezi akapiga simu. Kesi imefungwa, ushahidi hautoshi.

"Hii haimaanishi kwamba hatumwamini mtoto," alisema.

"Basi ina maana gani?"

Mpelelezi akakohoa, akasema anasikitika.

Torunn ndiye aliyelazimika kumwambia Sunniva. Alichagua maneno, na yote yakamtoka vibaya.

"Kwa hiyo hawakuniamini?"

"Mimi nakuamini."

"Lakini wewe ni mama yangu."

Walihama kabla ya kiangazi, wakaenda mji wa mbali ambako hakuna aliyemjua Arvid. Yeye alibaki kule, na majira ya baridi yaliyofuata alirudi kufundisha watoto kuteleza. Torunn alizipigia simu familia mbili tatu zenye watoto, kuzionya. Mzazi mmoja alimshukuru kwa sauti ndogo. Wengine walimkatia simu.

Sunniva sasa hataki kusukwa nywele. Akiingia kuoga, humtaka mama yake akae sakafuni nje ya mlango.

"Upo?"

"Nipo."

Maji yanamwagika kwa muda mrefu, na Torunn hathubutu kumwambia afanye haraka.