Diski Iliyokaa Kimya

Shangazi yangu ni fundi wa kutengeneza cherehani, na kifaa chake kikuu ni sikio. Husimamisha bisibisi juu ya mashine, akaweka mpini sikioni, kisha akakwambia ni gurudumu lipi limelika. Hajawahi kukosea. Kama amewahi, basi sisi hatukuambiwa.

Jumamosi ile mgonjwa alikuwa kompyuta ya mumewe, tunayemwita Mwalimu hata baada ya kustaafu. Mwalimu hupima mvua uani kila siku, huu mwaka wa thelathini na moja. Madaftari yake yaliliwa na mchwa, akabaki na yale aliyoyachapa kwenye kompyuta tu, nayo diski ilikuwa imeanza kugonga ko, ko, ko. Akanunua mpya.

"Fundi, nihamishie mvua yangu," alimwambia mkewe.

"Lete. Kwani ina nini cha kunishinda?"

Aliifungua kompyuta, akachomeka diski mpya kando ya ile kuukuu, akawasha. Kwenye skrini ikatokea kuukuu peke yake. Akaweka bisibisi, akasikiliza. Ya zamani ilinguruma na kugonga, mpya, kimya. Akabadilisha waya, akasikiliza tena. Kimya. Mimi niliyeacha shughuli zangu ili nishike tochi nilikuwa hoi, lakini macho yake yeye yalizidi kung'aa, maana shangazi hupenda kitu kinachomgomea kuliko kinachomtii. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Kwa muda wa saa nne alizima na kuwasha, akilinganisha ngurumo, mpaka akatoa hukumu.

"Mwalimu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hii imekufa."

Akampigia simu muuzaji ili ampe vidonge vyake. Muuzaji alimwacha amalize.

"Mama, hiyo haina kinachozunguka ndani. Haitoi sauti hata siku moja. Tena ikiwa mpya kabisa, kompyuta haikuonyeshi mpaka uiandae na kuipa herufi ya kuitambulisha. Fungua orodha ya diski, chagua iliyo tupu. Uangalie tu usije ukafuta ya zamani."

Shangazi alishusha bisibisi. "Haizunguki? Sasa inakumbukaje?"

Maskini muuzaji, alibanwa kwa maswali dakika kumi zaidi. Kumbe diski ilikuwamo kwenye orodha tangu asubuhi, na pembeni imeandikwa kwamba haijaandaliwa. Shangazi akaiandaa, akaipa herufi, ikatokea.

Tukaanza kunakili, mwaka baada ya mwaka. Ya zamani ikagonga, ikagonga, ikanyamaza. Haikuamka tena. Miaka mitatu ilikuwa bado imo ndani yake, na sote tulijua kwamba zile saa nne zingetosha kuitoa yote.

"Ni mimi," shangazi alisema. "Nimeiua kwa kuisikiliza." Sijawahi kumwona na aibu namna ile, na nilimhurumia.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma ni miaka ipi imekosekana.

"Hii? Hii ilikuwa miaka ya ukame, mke wangu. Hakukuwa na cha kupima."

Katikati ya miaka hiyo mafuriko yaliingia karakana ya shangazi, tukabeba cherehani kumi na mbili vichwani, maji yakiwa kiunoni. Na Mwalimu ni mtu ambaye hajawahi kuongeza wala kupunguza milimita moja. Shangazi akamshika mkono.

"Kweli," alisema. "Palikuwa pakavu sana."