Nyumba Isiyo na Ukuta wa Mbele

Kiwanda cha chai kilipouzwa kwa mwekezaji, baba yangu alipunguzwa kazini pamoja na maseremala wenzake. Alirudi nyumbani Kisondela, akatundika misumeno yake ukutani na kuanza kulima migomba kimyakimya. Mwaka uliofuata, mimi nikapata barua kutoka Ulaya.

Nilikuwa mwalimu wa sanaa katika shule moja ya sekondari mjini Tukuyu, nimepanga chumba mtaa wa Msasani, mjini palepale. Wanafunzi wangu walikuwa wameigiza mchezo wa mjane anayenyang'anywa nyumba na shemeji zake, nami nikawajengea jukwaani nyumba ya mianzi ya Kinyakyusa, ya kizamani, kwa kadiri nilivyoikumbuka ya bibi. Afisa utamaduni wa wilaya aliipiga picha na kuzituma anakokujua yeye. Sasa nilikuwa naalikwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya usanifu wa majukwaa. Tiketi wangenitumia. Mimi nilitakiwa nije na mfano mdogo wa jukwaa lile, wa kubebeka mikononi.

Ilikuwa masika, na chumbani kwangu hakuna kilichokauka. Gundi ilibaki laini, udongo ukaota ukungu mweupe. Jumamosi moja nikafunga kila kitu kwenye kanga, nikapeleka jikoni kwa mama, penye moto wa kuni tangu asubuhi hadi jioni. Mama hakuuliza maswali. Alisogeza mahindi yake ya mbegu pembeni ya kichanja, juu ya moto, akanipa nafasi.

Aliyeuliza ni baba. Aliingia, akainama, akaizunguka nyumba yangu ndogo.

"Ukuta wa mbele uko wapi?"

"Haina ukuta wa mbele, baba."

"Nyumba gani hiyo? Unataka Wazungu waseme sisi hatujui kujenga?"

Nilimweleza kwamba upande ule ndiko wanakokaa watazamaji. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mchungaji mgeni, kisha akatoka. Nikakumbuka kwamba hakuwahi kuuona mchezo wenyewe. Siku tulipouonyesha alisema ana mkutano wa wazee wa kanisa.

Jumatatu nikamwomba aje shuleni. Alikuja na koti lake la ibada, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akanawa miguu bombani kabla ya kuvivaa. Bwaloni jukwaa lilikuwa bado limesimama. Nikampa kiti safu ya mbele, nikafungua mapazia ya madirisha ili mwanga uingie, nikakaa kando yake.

Alitazama muda mrefu sana. Nilianza kufikiri amechoka.

"Umekosea," akasema hatimaye.

"Wapi, baba?"

"Mafiga. Umeyaweka katikati. Mama yangu alipikia pale, karibu na mlango, ili amwone anayeingia kabla mwenyewe hajaonwa." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na baba alipokufa, ndugu zake waliingia kwa mlango huo. Mama aliwaona wote akiwa amekaa palepale, anakoroga uji. Hakusimama."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilijua tu kwamba bibi aliishi katika nyumba yake mpaka alipokufa. Nilimuuliza ikawaje, akacheka kidogo.

"Walikunywa uji, wakaondoka."

Jioni ile nilirudi naye hadi jikoni kwa mama, nikayang'oa mafiga ya udongo kwenye mfano wangu nikayasogeza mlangoni, na ghafla nyumba nzima ikakaa sawa. Mwigizaji akikaa pale, kila anayeingia lazima apite mbele ya macho yake. Nilikuwa nimehangaika mwezi mzima kujua kasoro ni nini.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta baba ameshusha msumeno. Alikuwa ametafuta mbao nyembamba za masanduku ya chai, akipima, akipiga randa, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Sanduku alilolitengeneza lilikuwa na vishikizo vya ndani vya kuizuia nyumba isicheze, na kifuniko cha kuteleza.

"Ndaga, baba," nikamshukuru kwa Kinyakyusa, nimepiga magoti.

"Usilikabidhi kwa mtu," akajibu. "Hata rubani akiliomba."

Mama ndiye aliyeshughulikia nguo. Tulikwenda naye sokoni Tukuyu kwenye mitumba, akanijaribisha makoti saba mbele ya watu, akichunguza mishono kwa kucha, mpaka akapata moja la sufu, rangi ya majani makavu ya mgomba. Lilikuwa refu hadi magotini. Alifurahi kuliko mimi.

Nilisafiri alfajiri ya Jumanne. Kondakta alitaka sanduku lipande juu ya basi pamoja na mikungu ya ndizi. Nikakataa, akalalamika, nikaendelea kukataa, mwishowe akanipa kiti cha nyuma ya dereva. Nililipakata. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai, koti linanipa joto jema, na kabla hatujafika Kiwira nilikuwa nimeshalala.