Kangaga la Tatu

Mke wangu alipika katika nyumba moja ya matajiri kule Spring Valley kwa miaka mingi, na alichokitamani kule hakikuwa ile nyumba. Ilikuwa kona moja nyuma ya jikoni, yenye kivuli na unyevu, iliyojaa makangaga, ile mimea isiyotoa ua wala tunda, majani yake kama kitana. Alipoacha kazi aliomba mashina matatu, akayaleta kwetu Waithaka ndani ya karai, akayapanda chini ya mparachichi.

"Mwaka ujao utakaa hapa na chai yako," aliniambia.

Mwaka wenyewe haukumkuta. Makangaga mawili nayo yakafa. Nikaapa kwamba la tatu halitafia mikononi mwangu. Watoto walikuwa wamerudi makwao, simu zao zikawa za Jumapili tu, na nyumba ilikuwa kimya hata nikawa nawasha redio ili nipate wa kugombana naye. Jioni nikitoka kazini mjini, sikuwa na mwingine wa kumjulia hali ila kangaga lile.

Nilijitahidi kweli. Udongo pale ulikuwa mkavu, mgumu kama sakafu. Ukimwaga maji yanateleza na kwenda zake. Nikaulegeza kwa jembe la meno, polepole, nisikate mizizi. Nikabeba samadi kutoka kwa jirani mwenye ng'ombe, gunia begani, mzee mzima, nikachanganya. Baada ya wiki mbili ulikuwa sakafu tena, na kangaga limebaki na majani mawili. Nililitukana. Halafu nikaona haya, nikaliomba radhi.

Na kila asubuhi nilifagia. Kwetu magharibi, tulikozaliwa, ua usiofagiwa ni aibu, na mke wangu alifagia kabla hata ya kunawa uso, ameinama, akiacha mistari ya mviringo ardhini. Nilijifunza kuiacha mistari ile ile. Siku moja jirani alipita akasema, "Baba, ni kama mama bado yuko." Nilienda kazini nimefurahi, nikarudi nimeumia.

Jumamosi moja nilishuka Adams Arcade kumwona mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Nilimweleza yote kwa ukali, utadhani yeye ndiye aliyelikausha.

"Pole, mzee. Na hapo chini ya mti huwa unafagia?"

"Kila siku. Pasafi kabisa."

"Sasa si ni wewe unaiua! Hiyo majani unatupa ndio blanketi yake, na ndio chakula. Rudisha yote juu ya mchanga, mwagia maji, halafu wacha. Ufagio isiguse hapo tena."

"Ni la mke wangu," nilisema.

"Basi mwambie mama pia asifagie."

"Nitamwambia."

Nilirudisha majani makavu yote, nikayamwagia maji. Kesho yake asubuhi, kwa mazoea tu, nilichukua ufagio na kufagia mpaka pale. Niliposhtuka, mistari ilikuwa imezunguka vizuri, na jani moja kati ya yale mawili ya kangaga limekatika. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Mistari ile ndiyo kazi ya mwisho tuliyokuwa tukiifanya pamoja, na ndiyo iliyokuwa ikikausha alichokiacha.

Nikayarudisha majani. Ufagio nikaufungia stoo. Wiki zikapita, ua ukachafuka, jirani akaanza kuniangalia kwa huruma, na mimi nikawa mkali kwake bila sababu.

Asubuhi moja nilifunua majani yale kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi, baridi, una minyoo, na katikati ya kangaga machipukizi matatu yamejikunja. Niligeuka haraka kumwita mtu aje aone. Hakukuwa na mtu.

Nikachemsha chai, nikaja nayo, nikakaa palepale juu ya takataka zote zile.

"Mama," nikasema, "hapa tusifagie tena."