Amplifaya Niliyoivalisha Zulia

Mimi ni fundi wa redio za magari, na ugonjwa wangu ni kuficha. Waya ukionekana, naona aibu mimi badala ya mwenye gari. Nikishamaliza kazi nataka mteja akae kitini, muziki uanze, azungushe shingo kutafuta unatokea wapi, kisha aniulize, nami nitabasamu nisimjibu. Kwa ajili ya tabasamu hilo nimepoteza wateja wengi kuliko ninavyopenda kukiri. Wapo waliorudi redio ikiwa imekufa, na kabla ya kutafuta ugonjwa nikapoteza asubuhi nzima nikitafuta nilikomficha mgonjwa.

Mafundi wa mtaani kwetu tuna neno letu la kazi ya kumalizia: kupiga zulia, kubandika ngozi, kuziba matundu, yote hayo ni kuvalisha. Gari limeshafungwa redio lakini halijavalishwa, ndivyo tunavyosema. Wenzangu huvalisha kwa nusu saa, wakapokea gari jingine. Mimi huvalisha siku mbili. Ndiyo maana wakanibandika jina la Maridadi, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni sifa.

Sasa, mke wangu ana dada yake mkubwa, ambaye kwangu ni shemeji. Kwa miaka kumi na tisa shemeji alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi. Alikaa kwenye chumba kidogo cha vioo juu ya madirisha ya tiketi, akiwaambia wasafiri basi gani liko mlango gani na linaondoka saa ngapi. Ana sauti nzito, tulivu, na herufi zake zote zinatoka zimekamilika. Siku moja akaja kijana wa ofisini na kompyuta, akamwomba asome majina ya miji yote, namba kuanzia moja hadi sitini, na saa zote za mchana na usiku. Shemeji alisoma siku mbili kwa moyo mkunjufu, mpaka akampikia kijana chai. Mwezi uliofuata akaambiwa kazi imekwisha, kwani kompyuta ilikuwa imejifunza kuunganisha vipande. Mpaka leo ukiingia kituoni utamsikia shemeji akiwaita abiria, na yeye mwenyewe yuko nyumbani anamenya viazi. Hapiti njia ile. Akilazimika kupita, anaziba masikio.

Alikaa mwaka mzima bila kazi, kisha akanunua gari kuukuu lenye buti refu. Aliamua awe mtangazaji wa barabarani. Zahanati ya mtaa ilikubali kumjaribu kwa siku tatu, atangaze chanjo ya watoto. Akifaulu, matangazo yao yote ya mwaka yatakuwa yake. Akishindwa, muuguzi mkuu alimweleza bila kuficha, watarekodi sauti mara moja na kumpa mtu yeyote mwenye gari aizungushe. Mke wangu alinieleza jambo hili mara mbili, polepole, kwa sababu ananijua. Aliyetolewa kazini mara moja na sauti ya kurekodiwa asije akatolewa nayo mara ya pili. Nikajipiga kifua, nikamwambia gari la shemeji niachiwe mimi.

Spika mbili za pembe nilizifunga juu ya paa. Hizo hazifichiki, na ziliniuma. Basi hasira zangu zote nikazimalizia kwenye amplifaya. Amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, ni bati zito lenye ukubwa wa kitabu kinene, na mgongoni ina mbavu za aluminiamu zinazotoa joto nje. Nataka ieleweke kwamba nilijua hilo. Ndani ya boksi lake mlikuwa na karatasi yenye picha: iache na nafasi pande zote, isimamishe ili hewa ipande katikati ya mbavu, usiifunike, usiining'inize kichwa chini. Niliisoma karatasi yote. Kisha nikaikunja vizuri nikaiweka chini ya mguu wa meza yangu, ambayo ilikuwa inayumba.

Halafu nikaifunga amplifaya chini ya kiti cha dereva, ikining'inia, mbavu zikitazama sakafu. Nikaizungushia kisanduku cha mbao. Kisanduku nikakivalisha zulia la kijivu, tabaka mbili, rangi moja na sakafu ya gari. Ilikuwa kazi safi kiasi kwamba nilipiga picha, ingawa kwenye picha haikuonekana kitu chochote zaidi ya sakafu. Shemeji aliinama akachungulia, akauliza mashine iko wapi. Nikatabasamu.

Siku ya kwanza, baada ya kama robo saa ya kutangaza, mashine ikakata. Tangazo lilikuwa fupi: "Wazazi, kesho asubuhi leteni zahanati watoto wote wenye umri wa chini ya miaka mitano." Mashine ilifika kwenye "watoto wote" ikanyamaza. Miaka mitano ikabaki ndani ya gari. Shemeji hakujua, maana mwenyewe alijisikia vizuri tu pale kitini. Mashine ikapoa, ikarudi, akaingia mtaa wa pili, ikakata tena, karibu palepale.

Kesho yake foleni ya zahanati ilizunguka jengo. Wanafunzi wa sekondari walikuja na sare zao. Mama mmoja alimshika mkono mwanawe mwenye masharubu, pamoja na kadi yake ya kliniki ya utotoni, iliyotunzwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Muuguzi mkuu akamwita shemeji, akamweleza tangazo lilivyokatika, akamwambia zimebaki siku mbili.

Shemeji akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu. Nikapima fyuzi, betri, waya wa ethi, vyote vizima. Mashine ilikuwa imeshapoa njiani, kwa hiyo nilipoiwasha ikaimba vizuri kwa dakika zote tano nilizoipa. Fundi akikosa kosa kwenye mashine, hulitafuta kwa mtu. Nikakuna kidevu, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kujizaba kibao.

"Shemeji, shida ni sauti yako. Nzito mno, halafu unasema mfululizo. Mashine inachoka. Jaribu kusema chini chini, kidogo kidogo."

Hakubisha. Alinitazama, akaitikia, akaondoka. Alinichukulia kuwa mtaalamu, masikini.

Siku ya pili akatangaza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyelala. Watu walilisogelea gari kumuuliza anauza nini. Na mashine ikakata vilevile, bila kujali heshima aliyoionyesha. Mwishowe akashuka, akatembea mitaa minne kwa miguu akiita wazazi kwa mdomo. Jioni sauti ilikuwa imekwaruza, akamwambia mke wangu kwamba labda kweli sauti yake imepitwa na wakati. Kituoni hawakuihitaji, na sasa hata mashine zinaikataa. Mke wangu alinisimulia haya akinipakulia chakula, bila kunitazama. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini ona jinsi kichwa changu kilivyo kigumu: usiku huo niliamua kwamba dawa ni betri kubwa zaidi.

Siku ya tatu asubuhi shemeji akaleta gari. Njiani alikuwa amejaribu kutangaza tena na mashine ikamkatia kwenye kona yetu. Akaniambia nivitoe vyombo vyangu. Alikuwa anakwenda kumwambia muuguzi mkuu warekodi tu, tena wamtafute mtu mwenye sauti nyepesi.

Jirani yangu wa kibanda cha pili ni fundi friji, mtu mzima asiyeona gari wazi bila kukaa ndani. Wakati tunazungumza alikuwa ameshajiweka kwenye kiti cha dereva. Hakukaa hata dakika moja, akainuka akijishika nyuma.

"Hiki kiti kina homa," akasema. "Mama, wewe hukuhisi?"

"Nilihisi," shemeji akajibu kwa ile sauti iliyokwaruza. "Nikadhani ni umri."

Fundi friji akainama, akabonyeza zulia langu kwa kidole, akanusa. Akaniuliza mbavu zimeelekea wapi. Nikamwambia chini. Akaniuliza hewa inaingilia wapi. Nikajifanya natafuta bisibisi.

"Maridadi," akasema, "mashine inakimbia kutwa nzima, wewe umeining'iniza kichwa chini halafu umeivalisha sweta?"

Akaendelea kunieleza, taratibu, kwamba kila siku anawaambia akina mama wasibane friji ukutani, waliachie nafasi ya kiganja nyuma, kwa sababu joto lisipopata pa kutokea linarudi kwa mwenyewe. Akina mama wanaelewa mara moja. Alisisitiza hapo kwenye mara moja.

Nikachukua kisu nikachana zulia. Joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Nikaing'oa mashine, nikaipeleka kwenye buti, nikaisimamisha kwenye ubao nyuma ya kiti cha nyuma, mbavu zikielekea juu. Kati yake na ubao nikaacha nafasi ya vidole vinne kwa vipande vya bomba. Fundi friji akanipa feni ndogo aliyoitoa kwenye friji lililokufa, nikaifunga chini ikipuliza kuelekea juu. Waya mwekundu ulionekana. Waya mweusi ulionekana. Skrubu nane zilionekana, mbili kati yake zikiwa zimepinda. Katika maisha yangu sijafunga kitu kibaya vile.

Ilipofika adhuhuri nikamwambia shemeji kazi imekwisha. Akavuta kigoda akakaa mbele ya gari. Akasema safari hii haondoki na dakika tano za majaribio. Mashine isemeshwe mpaka ipate joto, nusu saa nzima, na yeye sauti yake anaitunzia mchana. Kwa hiyo nitasema mimi. Nikaishika maiki, nikamuuliza niseme nini.

"Sema kwa nini ilikuwa inakata."

Spika zilikuwa zimeelekea barabarani. Upande wa pili palikuwa na saluni, duka la vifaa vya ujenzi na kituo cha pikipiki. Nikaanza na maneno ya kiufundi, nikazunguka mbuyu, nikataja hali ya hewa. Shemeji akatikisa kichwa. Basi nikasema. Nilieleza jinsi nilivyosoma karatasi na mahali nilipoiweka. Nikaeleza tabaka mbili za zulia, hata picha niliyopiga. Wanawake wa saluni wakatoka na vichwa vilivyosukwa nusu. Mwenye duka la vifaa akaja na kiti chake. Katika siku tatu zile nilikuwa nimeiomba mashine ile isikate, na sasa nilikuwa naiomba kwa moyo wote ikate. Nikachungulia kwenye buti. Feni ilikuwa inazunguka kwa furaha, taa ya kijani inawaka, hewa inapanda katikati ya mbavu kama ilivyo kwenye picha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefunga kitu kikafungika, na kikanigeuka.

Baada ya robo saa maneno yaliniishia, nikanyamaza. Shemeji hakuinuka.

"Na sauti yangu?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kujikinga. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, aliyekwisha kujiandaa kwa jibu lolote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mitaa minne aliyotembea jana alikuwa anatembea na maneno yangu. Nikameza mate, na mtaa mzima ukasikia nikimeza.

"Sauti yako haina kosa lolote, shemeji," nikasema kwenye maiki. "Haikuwa na kosa hata siku moja. Nilishindwa kazi yangu, nikakusingizia wewe. Nisamehe."

Akainuka, akaenda kwenye buti, akaiwekea mashine kiganja. Ilikuwa ya vuguvugu tu. Akanyoosha mkono nikampa maiki, akaniambia niingie nyuma niitazame mashine yangu.

Tukaingia mtaa wa kwanza, yeye usukani na maiki, mimi nimejikunja kwenye buti na feni inanipuliza shingoni. Koo lilikuwa bado limekwaruza, lakini sauti aliitoa yote, ile ya kituoni. "Wazazi, kesho asubuhi leteni zahanati watoto wote," akasema, na hapo akasita. Mashine haikukata, ni yeye aliyesita. Siku mbili zilikuwa zimemzoeza kukatwa pale.

"Wenye umri wa chini ya miaka mitano," akamalizia, na sauti ikafika mpaka ukuta wa mwisho wa mtaa ikarudi.

Tulitakiwa kutangaza mara mbili kila mtaa, kisha tusogee. Pale alitangaza mara tisa, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, gari limesimama. Nilihesabu, na sikumkumbusha kusogea.