Waya Uliomsubiri Mwanaume

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu fundi akiwa bado anafunga ngazi yake kwenye pikipiki, nje ya geti langu, huku Kibamba. "Ndugu mteja, fundi wetu alifika nyumbani kwako lakini hukuwepo. Tafadhali panga siku nyingine."

Sikuwepo! Mtoto yuko mgongoni, na glasi aliyonywea maji fundi huyohuyo ninayo mkononi. Niliibamiza chini kwenye zege. Mtoto akaangua kilio, mie nikatoka nje napiga kelele kama nimeporwa. Nafika barabarani, pikipiki imeshakata kona.

Nieleze vizuri, maana nisipoeleza naonekana kichaa. Nilikuwa nimepata kazi ya kupokea simu za wateja wa kampuni moja, nikiwa nyumbani, mwanangu pembeni. Mama anayenyonyesha, elimu yake kidato cha nne, dada wa kazi hana: kazi kama hiyo ataiona wapi tena? Sharti lilikuwa moja tu, niwe na mtandao wa waya ifikapo Jumatatu. Bando hawalitaki, na kwa kweli huku kwetu bando mvua ikinyesha linakufa katikati ya sentensi.

Nikafanya kila nilichoambiwa. Nguzo yenye waya ipo, mbele ya duka la jirani. Fomu ya kampuni ya mtandao nikajaza kwa kitambulisho changu, ruta nikalipia, fundi umeme akaniwekea soketi pale waya utakapoingilia. Hata tawi la mpera lililokuwa njiani nililikata mwenyewe kwa panga. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya mtu wa karibu, nikaweka namba ya mume wangu. Yeye ni dereva wa lori, wiki hiyo alikuwa njia ya Tunduma.

Fundi akaja Alhamisi, kijana wa rika langu, mpole tu. Akanywa maji, akaukagua ukuta, akatoa drili. Halafu akauliza:

"Sista, baba yupo?"

"Kasafiri."

"Ah. Kutoboa ukuta mpaka mwenye nyumba aseme."

"Mwenye nyumba ndiye unayeongea naye. Toboa."

Akacheka. "Sista, usinielewe vibaya. Kuna nyumba kule Mbezi mama alituruhusu, mzee wake aliporudi tulikimbia tukaacha ngazi."

"Mzee wa Mbezi anahusika nini na ukuta wangu? Kiwanja hiki nimenunua mie, kabla hata sijaolewa. Nikuletee karatasi za mauziano?"

"Tusifike huko. Mpigie tu baba, aseme neno moja."

Nikampigia, kwa shingo upande. Hapatikani. Fundi akairudisha drili kwenye begi, akaaga kwa adabu zake zote, akatoka. Ndipo ukaingia ule ujumbe.

Jioni mume wangu akapiga. Kumbe ofisini kwa kina fundi walikuwa wamempigia yeye, mtu wa karibu. Mteja mwenyewe hawana habari naye.

"Mama, ulitoka kwenda wapi? Wanasema fundi kakuta nyumba tupu."

"Na wewe ukaamini?"

"Si wameniambia ofisini..."

Nikamkatia simu. Yaliyofuata kati yetu siyaandiki.

Ijumaa nikapiga ofisini, nikaambiwa nafasi ya fundi ni wiki ijayo. Jumatatu msimamizi wa ile kazi akanipa pole, nafasi kachukua mwingine ambaye mtandao wake unawaka. Basi nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda ofisini kwa watu wa mtandao. Dada wa mapokezi, kucha ndefu, akaniuliza:

"Unataka fundi au unataka kulalamika?"

"Vyote."

"Haya, andika hapa kwa ufupi."

"Ufupi sina, mdogo wangu. Nipe karatasi nyingine."

Nikaandika nimesimama, nikamtaka agonge muhuri kwenye nakala yangu:

"Mimi ni mteja wenu. Fundi wenu alipofika nilimfungulia geti mwenyewe. Alikataa kutoboa ukuta wangu kwa sababu mume wangu amesafiri, kisha mkaandika kwamba mimi ndiye sikuwepo. Kwa uongo huo nimekosa kazi. Kazi hamuwezi kunirudishia, kwa hiyo siidai. Ninachodai ni kwamba mlichoandika mkifute, na mniandikie barua kukiri kuwa ni uongo. Namba ya mume wangu iondoeni kwenye taarifa zangu. Fundi aje wiki hii, na ukuta autoboe kwa ruhusa yangu. Nisipojibiwa, nakala hii naipeleka kwenye mamlaka inayosimamia mawasiliano, na nitakwenda na mtoto mgongoni kama nilivyokuja hapa, kwa sababu sina wa kumwachia."