Nilivyojitambulisha kwa Kompyuta

Nichekeni tu, nimestahili. Ramesh, mwenye duka la vitabu hapa mjini Kisii, ameleta kompyuta yenye intaneti. Tuliambiwa ukiiandikia swali lolote inakutafutia jibu. Nami nilikuwa na swali la siri: miguu yangu inanuka ajabu.

Juzi nikajifunika koti pamoja na mashine, mtu asione. Halafu, kwa adabu zangu za ualimu, nikajitambulisha kwanza: "Mimi ni Mwalimu Ondieki wa Birongo. Naomba dawa ya miguu inayonuka." Jibu sikupata. Nikafunga ukurasa, nikaamini siri nayo imefungwa.

Mlangoni nikakutana na baba mkwe, amekuja kutafuta bei ya majani chai. Kwetu, mambo ya mwili hayatajwi kamwe mbele ya mkwe. Nikamkalisha kwa heshima mbele ya kompyuta ileile. Alipobonyeza tu mahali pa kuandikia, maneno yangu yote yakajitokeza.

"Hiyo inakumbuka kila kitu, mzee!" Ramesh akajisifu.

Mzee akasoma polepole, kisha akatazama viatu vyangu.

"Kumbe, Mwalimu," akasema, "si baridi inayokufanya ukatae kuvua viatu nyumbani kwangu."